Kucha za Mchuuzi

Maneno yenyewe niliyapata machinjioni, kwa wanawake wanaouza utumbo, Jumamosi ya mnada. Walisema ng'ambo ya reli kuna mtoto ameota kucha za kijani. Hakupakwa rangi. Zimeota hivyo hivyo, kama za mbwa wa mradi, na mama yake anamvisha soksi mikononi ili majirani wasione.

"Umemwona?" nilimuuliza aliyekuwa anasema.

"Mimi sijamwona. Aliyemwona ni wifi yake Yaledi."

"Basi hujaona kitu."

"Haya, sijaona. Wewe mwenye mtoto anayelalia mbwa ndiye utakayeona."

Wakacheka, nami nikacheka. Lakini jioni, nilipokuwa namwogesha Nyemo wangu, nilimshika vidole kimoja kimoja nikavigeuza kwenye mwanga. Vilikuwa na uchafu wa kawaida wa mtoto wa miaka mitano. Kesho yake nikatazama tena. Keshokutwa tena. Ikawa ndiyo salamu yangu kwake kila asubuhi, lete mkono, mpaka yeye mwenyewe akawa ananiletea bila kuitwa, kama anayeonyesha daftari.

Mimi ni Mama Nyemo, mbabuaji wa vichwa na makongoro, nachoma manyoya kwa moto, hapa Mbalawe. Shule niliishia la saba. Nitaeleza mambo ya kisayansi kama nilivyoyaelewa, na pale ambapo sikuyaelewa nitasema sikuyaelewa, maana kosa langu lote lilianzia kwenye kujifanya nimeelewa.

Mtu wa mbali anaweza asijue kucha za kijani ni nini. Zamani huku kwetu, kila kiangazi bweha walikuwa wanatoka porini na kichaa, wanawang'ata mbwa wa mtaani, na mbwa wanawang'ata watoto. Mwaka niliozaliwa mimi walizikwa watoto wanne wa mtaa mmoja. Mbwa wa mtaani hana mwenyewe, hashikiki, na ukija na sindano anakukimbia siku nzima. Ndipo ukaja mradi.

Aliyetuelimisha alikuwa Bibi Mifugo, afisa mifugo wetu, anaitwa Anastela Kwayu. Alitukusanya kwenye ukumbi wa kwaya, akaweka mezani kipande cha utumbo wa mbuzi, akakipasua kwa kisu.

"Humu ndani anakaa tegu," alisema. "Mnamjua, yule mnyoo bapa kama utepe. Huyu wetu tumemfundisha kazi. Anakaa tumboni mwa mbwa, anakula kidogo sana, na kila siku anatoa chanjo ya kichaa inayoingia kwenye damu ya mbwa. Sindano inaishi ndani ya mbwa mwenyewe."

"Na anafikaje kwa mbwa mwingine?" aliuliza mzee mmoja.

"Kwa kiroboto. Mayai ya tegu yanatoka na kinyesi. Mtoto wa kiroboto anayala. Akikua anaruka kwa mbwa mwingine, mbwa anajikuna kwa meno, anammeza. Tegu mpya ameingia. Hatuhitaji kumkimbiza mbwa yeyote."

"Kwa hiyo serikali inatuambia tufuge viroboto."

Ukumbi ukaangua kicheko, na Bibi Mifugo mwenyewe akatabasamu. "Inawaambia msiwaue. Ukimpa mbwa dawa ya minyoo umeua tegu. Ukimnyunyizia dawa ya viroboto umekata barabara yake. Tegu akifa, chanjo inakaa kwenye damu wiki sita, saba, halafu inakwisha. Hata kupe mtoeni kwa mkono. Na ili mjue mbwa gani analindwa, tegu anatoa rangi inayoingia kwenye kucha zinapoota. Kucha za kijani, mbwa salama."

Hapo mwanamke mmoja nyuma akauliza, "Na watoto wetu?"

Bibi Mifugo alichukua glasi akanywa maji kwanza. Kisha akasema, "Tegu huyu hamtaki mtu."

Nakumbuka yale maji. Wakati ule sikuyatilia maanani.

Mwaka wa kwanza ukapita bila mtoto kufa. Wa pili pia. Kila asubuhi kilikuwa kinapita kile kimashine tunachokiita kerengende, kinaruka chini chini juu ya jalala na machinjio, kinapiga picha miguu ya mbwa. Kikimaliza, ubao wa geti la machinjio unaandika. Mbwa 43, kijani 43. Watu wakazoea. Mtoto aking'atwa, wanamtania kwamba leo ameng'atwa na daktari.

*

Sasa nieleze fungu la mbwa, maana bila hilo hamtaelewa nilifanyaje.

Machinjioni kwetu kila mwanamke wa utumbo, kabla hajauza cha kwanza, anakata kipande anatia kwenye beseni moja. Hilo ndilo fungu la mbwa. Linapewa mbwa alfajiri kwa pamoja ili mchana wasirukie meza. Na anayegawa ni mmoja tu, hawagawi watu wawili, kwa sababu mbwa wakizoea mikono mingi wanakuwa wezi wa kila mkono. Mama mkwe wangu aligawa miaka kumi na tisa. Alipochoka alinikabidhi beseni mbele ya wenzake, akaniambia niwe namaliza kugawa ndipo ninawe, nisinawe kabla, wasije wakasahau harufu yangu.

Kwa hiyo mbwa wote wa Mbalawe walikuwa wanakula mkononi kwangu. Hawakula kwa mtu mwingine. Waliponisikia nagonga beseni walikuwa wanatoka kwenye majivu ya moto wangu wa kubabulia, maana ndipo walipolala kwa ajili ya joto, wanajikung'uta viroboto na vumbi, wanakuja. Wa mbele siku zote alikuwa Mchuuzi, mbwa mwekundu mwenye sikio moja lililoliwa na kupe mpaka likakunjamana. Tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa anazunguka meza zote kama mtu anayetembeza bidhaa. Huyo ndiye Nyemo alimpenda. Nikiwa nababua vichwa, mtoto anamlalia ubavuni, anamchambua viroboto, na kwa kuwa ameona nyani wa kwenye picha, anawatia mdomoni anawapasua kwa meno. Nilimkemea mara moja. Mara ya pili nilikuwa na wateja.

Wiki tatu baada ya yale maneno ya mnada, nilikuwa natandua kitanda cha Nyemo. Kwenye shuka niliona punje mbili kama za mchele. Nikadhani ni mchele. Nikaweka kidole. Moja ikajikunja, ikajinyoosha, ikasogea.

Nilikaa chini palepale.

Ninachotaka mjue ni kwamba zahanati iko hatua mia mbili kutoka kwangu. Naiona nikiwa mlangoni. Ningeweza kuzifunga zile punje kwenye karatasi nikaenda. Lakini nilijua nani anakaa kwenye benchi la zahanati asubuhi, ni haohao wanawake wa utumbo na wateja wao. Nikifika na minyoo ya mbwa kwenye karatasi, kabla ya saa sita yule mtoto wa ng'ambo ya reli atakuwa ni Nyemo. Hakuna atakayecheza naye. Na nani atanunua makongoro kwa mwanamke ambaye mtoto wake ana minyoo ya mbwa? Baba yake alikuwa safarini na malori ya ng'ombe. Sikumwambia. Nilimpa Nyemo mbegu za maboga zilizosagwa, siku tatu, nikasema ni dawa ya kumfanya awe na nguvu. Halafu nikaamua kukata mti kwenye shina.

Dawa ya minyoo ya mbuzi inauzwa wazi. Nilikwenda kwenye duka la dawa za mifugo, nikasema mbuzi wangu wanaharisha. Nilinunua na dawa ya unga ya viroboto wa kuku. Muuzaji aliniuliza mbuzi wangapi.

"Wengi," nikasema.

"Mama Nyemo umekuwa tajiri."

"Mungu anajalia."

Alfajiri ile nilikata bandama vipande vidogo, nikavimwagia ile dawa nyeupe, nikaikanda kama mtu anayekanda unga. Nikagonga beseni. Wakaja wote. Niliwapa mmoja mmoja, nikihakikisha kila mdomo umepata. Mchuuzi alilamba mpaka vidole. Kisha, walipokwenda kuzurura, nikamwaga unga kwenye majivu wanapolala, nikauchanganya kwa koleo. Nilirudia siku ya pili na ya tatu.

Nilijua ni marufuku. Bibi Mifugo alisema wiki sita, saba, na mimi nilikuwepo ukumbini, masikio ninayo. Lakini nilijiambia bweha hawajaonekana miaka miwili, na mbwa wa miji mingine watawaletea hawa tegu tena baadaye, mtoto wangu akishapona. Ukitaka kujidanganya hukosi sababu.

Viroboto wakaisha. Mbwa wakanenepa, manyoya yakalala. Wenzangu wakawa wananisifu. "Fungu lako lina baraka, Mama Nyemo, ona mbwa wanavyong'aa." Nami nikawa napokea sifa.

Wiki ya nne ndipo nilipoona. Mchuuzi alikuwa amelala chali, miguu juu. Ncha za kucha zake zilikuwa za kijani kama kawaida. Lakini kwenye shina, pale kucha inapotoka kwenye nyama, palikuwa na weupe mwembamba kama uzi. Nikamtazama mwingine. Uzi. Mwingine tena. Kila wiki uzi ulipanuka. Kerengende alikuwa anapita juu, anaona kijani, anaandika. Mbwa 43, kijani 43.

*

Jirani yangu wa meza alikuwa Mama Zilpa, muuza supu. Ni mkubwa kwangu kwa miaka sita na namwita dada. Tulichanganya chumvi na tulinyonyeshana watoto. Zilpa wake alikuwa na miaka saba.

Wiki ya kumi baada ya dawa, mwezi wa saba, kiangazi bweha wanapotoka porini, saa nne asubuhi, Zilpa alikuja kwangu kuchukua kichwa cha mbuzi cha mama yake. Mchuuzi alikuwa amejilaza kwenye njia. Mtoto alimruka kama alivyomruka kila siku. Mbwa akainuka akamng'ata chini ya taya, akamwachia, akamng'ata tena kwenye kiganja, kisha akaondoka akitembea tu, bila kubweka.

Mama Zilpa alikuja na mwiko mkononi. Alimshika mtoto kichwa, akatazama damu, akaona si nyingi. Akanigeukia.

"Ni nani?"

"Mchuuzi."

"Mchuuzi? Huyu mpole?" Akashangaa kidogo. Kisha akaniuliza neno ambalo nalisikia mpaka leo nikiwa naosha vyombo. "Mama Nyemo, wewe ndiye unayewajua hawa mbwa. Ana kucha?"

Wote waliokuwa pale walinitazama. Sikuwa na muda wa kupanga uongo, na ndiyo maana najua kilichotoka ndicho kilichokuwa ndani yangu.

"Anazo," nikasema. "Za kijani."

Sikudanganya. Ncha zilikuwa za kijani.

"Haya, basi," akasema Mama Zilpa, akacheka ili mtoto anyamaze. "Nyamaza mwanangu, umeng'atwa na daktari." Akamtia unga wa kahawa kwenye kidonda, akamfunga kitambaa cha kichwani kwake, akarudi kwenye supu yake. Maji hayakugusa kidonda kile. Sabuni haikugusa. Nami nilikuwa na ndoo nzima ya maji miguuni pangu.

Siku ya tatu Mchuuzi hakuja kwenye fungu. Nilimkuta nyuma ya majivu anauma tofali. Taya la chini lilikuwa limening'inia, udenda unatiririka kama uzi wa bamia. Aliniona, akataka kuja, miguu ya nyuma ikamkatalia. Nikarudi kwenye moto wangu. Nikababua vichwa kumi na viwili siku ile na sikumbuki hata kimoja.

Siku ya tano alikuwa amekufa. Nilimvuta kwa ndoano ya nyama, nikamtia chini ya moto pamoja na kwato. Machinjioni kwetu harufu ya manyoya yanayoungua ni harufu ya kila siku. Hakuna aliyeuliza. Kesho yake ubao uliandika, mbwa 42, kijani 42, na mtu mmoja akasema, "Mmoja kagongwa barabarani nini?" Nikasema labda.

Sikuwa nangoja kitu kizuri. Nataka mjue hivyo. Kuna watu wamenitetea, wanasema nilikuwa natafuta njia ya kusema. Sikuwa natafuta. Nilikuwa natumaini. Nilitumaini kwamba damu ya Mchuuzi ilikuwa bado ina chanjo kidogo, kwamba ni ugonjwa mwingine, kwamba mate hayakuingia. Na wakati natumaini, Zilpa alikuwa anakuja uani kwangu kucheza na Nyemo, kitambaa shingoni, na mimi namkaribisha chai.

Siku ya saba walikuwa wanacheza rede. Zilpa akasimama katikati ya mchezo, akaweka mpira chini, akaanza kujikuna chini ya taya.

"Panawasha," akasema.

"Usikune," nikamwambia.

"Ila panawasha sana, mama mdogo."

Nilikwenda kwa Mama Zilpa na kanga ya kuvalia jikoni. Alikuwa anamenya vitunguu, amekaa kwenye kigoda, mgongo kwangu.

"Mbukwenyi," nikasalimu.

"Mbukwa. Karibu, kaa. Mbona umekauka midomo hivyo?"

"Sikai, dada. Nina neno."

"Sema."

"Mchuuzi hakuwa na chanjo."

Aliendelea kumenya. "Si ulisema ana kucha."

"Zilikuwa kucha za zamani. Shina lilikuwa jeupe. Tegu wake alishakufa. Nilimuua mimi, yeye na wa wengine wote, kwa dawa ya mbuzi, kwenye fungu. Na Mchuuzi amekufa, dada. Amekufa kwa kichaa. Nimemchoma moto."

Kisu kikasimama. Akawa anakitazama kitunguu kama ambaye amekikuta kimeoza.

"Hilo shina," akasema polepole, "ulilionaga lini? Kabla hajamng'ata mwanangu au baada?"

"Kabla."

"Kwa hiyo nilipokuuliza ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

Nilingoja anipige. Ningeshukuru. Aliweka kisu juu ya bakuli, akajifuta mikono, akasimama mlangoni akaita kwa sauti ya kawaida kabisa. "Zilpa. Njoo uvae viatu."

*

Zahanati haikuwa na sindano za kichaa. Muuguzi alitufungulia jokofu tuone wenyewe. Tangu mradi uanze, mji wetu ulifutwa kwenye orodha, kwa sababu mbwa wote walikuwa salama na ubao ulikuwa unasema hivyo. Aliomba Dodoma, wakajibu wataleta kwa ndege isiyo na rubani, lakini upepo ulikuwa mkali na ndege ilizuiwa mpaka saa tisa.

Tulikaa saa tano kwenye lile benchi nililoliogopa. Muuguzi alimweka Zilpa bombani, akamwosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano akitazama saa, ingawa kilishaanza kufunga. Mtoto akawa analia kwamba maji ni ya baridi. Kila alipomeza mate mimi nilitazama koo lake.

"Panawasha kwa sababu gani?" Mama Zilpa aliuliza.

"Kidonda kinachopona kinawasha," muuguzi akajibu. "Na cha kichaa kinawasha pia. Leo siwezi kukwambia ni kipi. Tutachoma, tutangoja."

"Mpaka lini?"

"Miezi mitatu nitaanza kupumua. Wewe usiache kumleta."

Ndege ilifika saa tisa na nusu. Walimchoma kuzunguka kidonda, sindano nyingi, na moja begani. Mama Zilpa alimshika miguu. Nilitaka kumshika mkono, akanitazama mara moja, nikaurudisha wangu.

Bibi Mifugo alikuja jioni ileile na sanduku lake. Alinihoji nikiwa nimesimama. Nikamweleza yote, mpaka zile punje kwenye shuka. Aliposikia punje akafunga daftari.

"Ungekuja kwangu," akasema.

"Ulisema tegu hamtaki mtu."

"Hamtaki. Lakini mtoto akimeza kiroboto, tegu anaweza kukaa kwake mwezi au miwili. Hafanyi madhara. Hatoi hata rangi, hilo la kucha za mtoto ni uzushi. Anatoka kwa kidonge kimoja."

"Mlijua?"

"Tulijua." Akatazama viatu vyake. "Ilikuwemo kwenye maelezo. Tukakubaliana tusiiseme ukumbini, tuliogopa mkisikia mtaua mbwa wote."

Ningetaka sana kumtupia yeye mzigo, na sehemu ni yake, aichukue. Lakini aliyeulizwa "ana kucha?" ni mimi, na jibu lile sina mwingine wa kumtupia.

Alimpa Nyemo kidonge palepale. Cha kutafuna, kina ladha ya ndizi. Mtoto akauliza kama kuna kingine.

Kazi iliyobaki ilikuwa mbwa arobaini na wawili, wote wakiwa na kijani cha uongo kwenye ncha, na hakuna mtu wanayemkaribia isipokuwa mimi. Asubuhi nilisimama penye majivu, watu wa mradi wamejificha nyuma ya ukuta na nyavu na sindano, nikagonga beseni. Wakaja wote. Mmoja baada ya mwingine nilimshika shingo akiwa anakula, na wakamchoma. Watatu walikuwa tayari wanadondosha udenda. Hao Bibi Mifugo aliwapa sindano nyingine, nao pia niliwashika mimi. Mmoja alikuwa analamba kiganja changu wakati miguu inamlegea.

Hawajala tena mkononi kwangu. Beseni amepewa mwingine, na meza yangu ilihamishiwa nje ya geti kwa uamuzi wa wanawake wenyewe. Sikubisha.

Zilpa alipona. Niseme mapema, nisiwaweke roho juu. Siku tisini zilipita, kisha mia, kisha mwaka, na kovu lake lina umbo la mwezi mchanga chini ya taya. Watu wanadhani hatia inaishia hapo. Lakini muuguzi aliniambia ukweli kwamba mtoto aliyeng'atwa karibu na kichwa wakati mwingine hafiki hata siku ya kumi na tano. Zilpa alikuwa na siku saba za bahati, na hizo siku saba nilizila mimi, nikanywa na chai.

Mama Zilpa hakuzungumza nami kwa mwaka mzima. Alikuja Alhamisi iliyopita, akasimama nje ya geti, mbele ya moto wangu.

"Unajua kuandika," akasema.

"Kidogo."

"Mji wa pili wanaanza mradi huohuo mwezi ujao. Bibi Mifugo atawaambia ya kwake. Wewe andika ya kwako. Andika na lile neno ulilonijibu."

"Nitaandika, dada."

"Usiniite dada," akasema. Hakusema kwa hasira. "Andika tu. Na mwisho weka kwa mpangilio, mambo ya kuepuka, ili asiye na muda asome hayo."

Basi hayo hapa.

Usimpe mbwa wa mtaani dawa ya minyoo wala ya viroboto kwa siri. Ukishampa, sema, hata kama utafungwa.

Usimwache mtoto atie kiroboto mdomoni, wala ale baada ya kushika mbwa kabla hajanawa kwa sabuni.

Usimtupie mbwa ini au pafu lenye malengelenge. Lichome au lizike. Hilo ni la tegu wa zamani, wa kabla ya mradi, na bado anaua watu.

Usiponde kupe kwa kucha wala kwa meno. Mtoe kwa kibanio, mtie kwenye mafuta ya taa.

Ukiona punje zinazosogea kwenye shuka au kinyesi cha mtoto, usione aibu, usitumie mbegu za maboga, usingoje. Zifunge kwenye karatasi uende zahanati.

Usitazame ncha ya kucha. Tazama shina.

Usiamini ubao wa getini kuliko macho yako.

Usitie kahawa, majivu wala mafuta kwenye kidonda cha kung'atwa na mbwa. Maji yanayotiririka na sabuni, dakika kumi na tano, kisha sindano siku hiyohiyo, hata mbwa awe na kucha za rangi gani.

Usikubali zahanati yako ikae bila sindano za kichaa kwa sababu mmeambiwa mko salama.

Usichome wala kuzika mbwa aliyekufa akidondosha udenda kabla hujamwita Bibi Mifugo.

Ukiulizwa na mama mwenzako, usimjibu nusu.